Muulize Mjomba: Nguzo Zinazokatika, Visinki na Kikomo cha Fremu

Bahasha ya safari hii imejaa watu wenye ugonjwa mmoja: picha inayochanika, fremu (picha moja moja zinazofuatana kuunda mwendo) zinazoyumba, na kipanya kizito kama kimefungwa jiwe. Nimezipanga barua ili jibu la moja lisaidie kusoma nyingine. Salamu zenu ndefu nimezikata ili nafasi itoshe. Marahaba kwa wote.

Shikamoo Mjomba. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe, na monita yake ni ya hezi 60. Kila nikigeuka haraka kwenye gemu, nguzo na milango inakatika katikati: kipande cha juu kinabaki nyuma, cha chini kinatangulia, kama picha iliyokatwa kwa mkasi ikabandikwa vibaya. Fundi mmoja ameitazama akasema kadi ya picha inakaribia kufa, ninunue nyingine. Nilipiga picha ya skrini ili nikutumie ushahidi, lakini humo mstari hauonekani! Nikipiga kwa simu unaonekana. Ni kadi au ni uchawi? — Mpwa wako wa nguzo

Marahaba mpwa wangu. Usinunue kitu. Ushahidi unao tayari mkononi, ila umeusoma kinyume.

Kompyuta ikipiga picha ya skrini inachukua fremu nzima iliyokamilika. Kama humo nguzo imenyooka, kadi imefanya kazi yake sawasawa. Mstari unazaliwa baadaye, njiani kati ya kadi na macho yako, ndiyo maana simu inauona na kompyuta haiuoni. Kadi inayokufa ina dalili zake: vidoa vya rangi vinavyomwagika, pembetatu zinazoruka hewani, skrini kuzimika ghafla ukiwa katikati ya mchezo. Hujaniandikia hata moja kati ya hizo.

Kinachotokea ni hiki. Monita haionyeshi picha yote kwa mpigo mmoja. Inaichora mstari kwa mstari kuanzia juu hadi chini, hata hizi bapa za siku hizi. Yako ya hezi 60 inarudia kazi hiyo mara 60 kila sekunde, kwa hiyo duru moja inachukua kama milisekunde 16.7. Kadi nayo ina karatasi mbili, tunaziita bafa: ya mbele inasomwa na monita, ya nyuma ndiyo inayochorwa. Fremu mpya ikikamilika, karatasi zinabadilishana nafasi. Sasa kama hakuna aliyeiambia kadi isubiri, inabadilisha karatasi hata kama monita imefika nusu ya safari. Monita haina habari. Inaendelea kushuka, lakini kuanzia hapo inanakili karatasi nyingine. Juu umebaki na wakati uliopita, chini una wakati uliopo, na ulikuwa unageuka, kwa hiyo nguzo imeshahama.

Ukitaka kuthibitisha, simama ndani ya gemu mbele ya kitu kirefu kilichosimama wima, ukingo wa mlango unatosha, kisha peleka kipanya kushoto na kulia kwa haraka. Ukitazama juu na chini mstari huwa haujitokezi sana. Ni mwendo wa pembeni unaousaliti.

Watu wengi wanaamini picha huchanika tu pale fremu zinapozidi hezi za monita. Si kweli. Hata gemu ikienda fremu 47 kwa sekunde kwenye monita ya hezi 60, kadi bado inabadilisha karatasi wakati wowote inapojisikia, na mstari utauona. Kinachobadilika ni ukubwa wa mpasuko. Chukua mfano unageuka kwa kasi ya pikseli 3,000 kwa sekunde. Kwa fremu 100, kila fremu imepishana na mwenzake kwa pikseli 30, na huo ndio upana wa jeraha kwenye nguzo yako. Kwa fremu 300 jeraha ni pikseli 10 tu, ila sasa kwenye duru moja ya monita unapata majeraha kadhaa. Wachezaji wa mashindano huridhika na hali hiyo, mipasuko mingi midogo, maana wanachotafuta ni kipanya chepesi.

Nami sikucheki. Mara ya kwanza nilipouona mstari huo niliifunga monita kwenye boksi lake nikairudisha kwa muuzaji, nikabishana naye mpaka akanipa nyingine ili tu niondoke. Nikaifikisha nyumbani, nikaiwasha, mstari ule ule. Niliona haya kurudi. Nilikaa nao miezi, nikijizoeza kutogeuka haraka.

Dawa ya kwanza ni swichi iliyo karibu katika kila gemu, imeandikwa V-Sync. Humu kwenye safu tumezoea kuiita visinki. Inaiambia kadi: usibadilishe karatasi mpaka monita imalize duru na iwe inarudi juu. Jina hilo tumelirithi kwa monita nzito za zamani, ambazo mwale wake wa kuchora picha ulihitaji muda mfupi wa kupanda kutoka pembe ya chini hadi ya juu kabla ya kuanza tena. Mwale haupo tena, lakini upenyo huo mdogo umebaki kwenye mawimbi yanayopita kwenye kebo, na ndani yake karatasi inaweza kubadilishwa bila mtu kuona.

Iwashe. Nguzo itasimama. Kisha soma barua ya dada anayefuata kabla hujanishukuru.

Mjomba shikamoo. Nimewasha visinki kama wanavyoshauri wote. Mstari umekwisha, sikatai, lakini nimepata mabalaa mawili mapya. La kwanza, gemu ikiwa nzito fremu hazishuki polepole, zinadondoka kutoka 60 hadi 30 papo hapo. La pili, kipanya kimekuwa kama kinapita kwenye uji. Nimebadilisha kipanya, uji uko pale pale. — Dada wa mbio

Marahaba dada. Kipanya chako cha zamani hakikuwa na kosa, kirudishe mezani.

Hebu tuanze na hilo la kudondoka. Ukiwasha visinki umeweka mlango unaofunguliwa mara 60 kwa sekunde, na haufunguliwi katikati kwa ajili ya mtu yeyote. Fremu iliyochukua milisekunde 16 imewahi. Iliyochukua 17 imechelewa kidogo tu, chini ya nusu ya milisekunde, lakini mlango umeshafungwa. Inasubiri ufunguliwe tena, kwenye milisekunde 33.3. Na kwa kuwa kadi ina karatasi mbili tu, moja inasomwa na nyingine imeshajaa inasubiri, haina pa kuanzia fremu inayofuata. Inakaa bure. Zikifuatana fremu kama hizo, umepata 30 kamili. Ikizidiwa zaidi unashuka 20, halafu 15. Hakuna 52, hakuna 41.

Gemu nyingine zinaongeza karatasi ya tatu ili kadi isikae bure. Hapo hutadondoka hadi 30, utaona 45 kwa mfano. Lakini fikiria 45 kwenye monita ya hezi 60 maana yake nini: katika kila duru nne za monita kuna fremu tatu tu mpya, kwa hiyo moja kati yao inaonyeshwa mara mbili. Moja, moja, mbili. Moja, moja, mbili. Jicho linahisi gari linachechemea ingawa kihesabio kwenye kona ya skrini kinasema mambo ni mazuri kuliko 30. Mimi hapo nachagua 30 iliyotulia kuliko 45 inayochechemea, na najua wengi mtanipinga.

Draiva (programu zinazoendesha kadi) za Nvidia na AMD, watengenezaji wa kadi za picha, zina kitu cha katikati. Nvidia ilileta mwaka 2012 visinki inayojizima yenyewe fremu zikishuka chini ya hezi za monita na kujiwasha zikipanda. Unauona mpasuko kidogo pale penye uzito, lakini hudondoki hadi 30. Kwa mbio za magari naiona inafaa.

Sasa uji. Hili ndilo watu hawalielewi, na mimi lilinichukua muda. Visinki inapoizuia kadi mlangoni, prosesa, ubongo wa kompyuta unaoiandalia kadi kazi, haijui kama kuna msongamano. Inaendelea kuandaa kazi: fremu inayofuata, na inayofuata tena. Zinapanga foleni. Ukisogeza kipanya leo, mwendo wako unaandikwa kwenye fremu iliyo mkiani mwa foleni. Fremu tatu mbele yake, kila moja milisekunde 16.7, tayari una milisekunde 50 kabla mkono wako haujaonekana kwenye skrini, na bado hatujahesabu ucheleweshaji wa monita yenyewe. Uji wako ni huo.

Foleni haiondolewi kwa kadi kubwa zaidi. Kadi kubwa inaijaza haraka zaidi! Inaondolewa kwa kuzuia fremu zisizaliwe nyingi kuliko mlango unavyoweza kupitisha, na hapo ndipo kikomo cha fremu kinapoingia. Fanya hivi. Tafuta kasi halisi ya monita yako. Iliyoandikwa 60 kwenye boksi mara nyingi si 60 kamili, inaweza kuwa 59.95 au 59.94, na Windows itakuonyesha kwenye mipangilio ya juu ya skrini. Pakua programu ya RivaTuner Statistics Server, ambayo ni ya bure, kisha uweke kikomo kilicho chini kidogo sana ya namba hiyo, tofauti ya 0.01. Visinki iache imewaka. Sasa fremu zinazaliwa polepole kuliko zinavyoliwa, foleni haipati nafasi ya kujaa, na kipanya kinarudi mkononi. Gharama yake ni fremu moja kuonyeshwa mara mbili kila baada ya sekunde 100. Ukiiona hiyo niandikie, nitakuvulia kofia.

Ila yote haya yanadai kompyuta iweze kufikisha hizo 60 katika sehemu nzito, si ukiwa umesimama unaangalia ukuta. Usipunguze ukubwa wa picha kwanza, maana hapo kila kitu kinafifia. Punguza vivuli, halafu mng'ao wa maji na vioo, halafu ukungu. Kwenye mbio za kasi 250 hakuna anayekagua kivuli cha mti.

Na kuna wanaopita njia ya mkato kwa kucheza ndani ya dirisha lisilo na kingo badala ya skrini nzima. Hapo kwa kawaida Windows ndiyo inayokusanya picha ya mwisho, na yenyewe haibadilishi karatasi katikati ya duru, kwa hiyo mpasuko hupotea hata visinki ikiwa imezimwa. Inaweza kukuongezea ucheleweshaji kidogo, lakini kwa gemu ya taratibu wala usihangaike na zaidi ya hapo.

Mjomba, kwa heshima zote. Toleo lililopita ulimwambia mwenye monita ya hezi 144 yenye FreeSync afunge fremu kwenye 144 kamili. Nimefuata. Mstari umerudi, safari hii chini kabisa ya skrini, mara upo mara haupo. Nani kakosea, mimi au wewe? — Kijana wa 144

Mimi.

Niliandika kwa haraka, na wawili wengine wamenikamata kwa kosa hilo hilo, mmoja kwa maneno ambayo sitayachapisha. Ngoja nilifumue.

Visinki inaifanya kadi imsubiri monita. Mwaka 2013 Nvidia ilitangaza G-Sync, iliyogeuza kibao: monita ndiyo imsubiri kadi. Fremu ikiwa tayari baada ya milisekunde 9, monita inaanza duru mpya wakati huo. Ikichukua 12, inangoja 12. Hakuna mlango wa saa maalumu, kwa hiyo hakuna kudondoka hadi 30, na hakuna kuchanika kwa sababu karatasi haibadilishwi katikati ya duru. AMD ilijibu Januari 2014 kwa FreeSync, ambayo haikuhitaji kibao maalumu cha umeme ndani ya monita, na mwaka huo huo chama cha VESA, kinachoweka viwango vya skrini, kikaingiza wazo hilo kwenye DisplayPort, kiwango cha kuunganisha monita na kompyuta. Januari 2019 Nvidia nayo ikakubali kadi zake zifanye kazi na monita za namna hiyo. Kwa hiyo leo monita yako na kadi yako huenda vinaelewana hata kama vimetoka kambi mbili tofauti.

Lakini monita ina mipaka. Yako inaweza kumsubiri kadi kati ya, tuseme, hezi 48 na 144. Juu ya 144 haiwezi kukimbia zaidi. Ukifunga fremu kwenye 144 kamili umejiweka ukingoni, na hakuna kikomo kinachopima kwa ukamilifu: fremu moja itatoka baada ya milisekunde 6.94, nyingine 6.8, nyingine 7. Ile ya 6.8 imefika kabla monita haijamaliza. Karibu imalize, imebakiza mistari michache ya chini. Ndiyo maana jeraha lako liko chini kabisa.

Kwa hiyo shusha hadi 141. Fremu tatu chini ya kilele, ndiyo kanuni ya wengi na ndiyo niliyopaswa kuiandika. Kwa 141 kila fremu inapata milisekunde 7.09, una pumzi ya 0.15 hivi. Halafu, na hapa watu hushangaa, iwashe visinki pia kwenye draiva. Chini ya kikomo haifanyi lolote la kukuudhi, foleni haijai kwa sababu hufiki kileleni. Kazi yake ni kuishika ile fremu moja inayoponyoka.

Kikomo uweke wapi? Kama gemu yenyewe ina kikomo kizuri, anza na hicho, maana ndicho chenye ucheleweshaji mdogo zaidi: gemu inajizuia kabla ya kusoma kipanya chako, si baada. Kama haina au kinayumba, tumia cha draiva (cha Nvidia kimekuwapo tangu Januari 2020) au RivaTuner, ambayo fremu zake hutoka kwa mpangilio uliotulia sana. Chagua kimoja. Nimeona kompyuta ya mtu ina vitatu, kila kimoja kimewekewa namba yake, na mwenyewe ananiuliza kwa nini gemu inakwamakwama.

Na kwa kuwa umetaja 144: umehakikisha Windows inaijua? Mimi nilitumia monita ya namna hiyo mwezi mzima nikiwasifia watu ulaini wake. Mpwa wangu, huyu wa damu, akaja, akasogeza kipanya mara moja tu, hata hajakaa, akasema, "Mjomba, hii iko 60." Ilikuwa 60. Windows ilikuwa imejiwekea yenyewe siku ya kwanza nami sikufungua mipangilio. Angalia pia kebo imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye tundu la ubao mama, na kama kebo ni ya HDMI ya zamani inaweza isibebe hezi zote. Ya DisplayPort ndiyo niliyoishia nayo.

Mwenye monita ya hezi 48 hadi 75 asome mstari huu: fremu zikishuka chini ya 48, monita yenye mipaka mipana kama ya kijana wetu huonyesha kila fremu mara mbili, yaani fremu 40 zinakuwa hezi 80, na mambo yanaendelea. Yako haiwezi, kwa sababu mara mbili ya 48 ni 96 na wewe unaishia 75. Chini ya 48 utarudi kuchanika au kukwama. Punguza mapambo ya gemu ubaki juu ya hapo.

Mjomba, laptopu yangu inatulia nikicheza, lakini nikirudi kwenye menyu feni inavuma kama inataka kuruka, na ndani kuna mlio mwembamba kama wa mbu. Si ilipaswa kuwa kinyume? — Mwenye mbu

Menyu haina kazi, ndiyo sababu. Picha moja iliyotulia na maandishi matano, kadi inaichora mara 900 kwa sekunde kwa kuwa hakuna aliyeikataza. Feni inapoza jasho la kazi isiyo na faida kwa mtu. Mbu ni koili za umeme kwenye kadi, zinatetemeka kwa kasi ya mzigo unaopita. Fremu zikiwa mamia kadhaa mtetemo unaingia kwenye sauti tunazosikia. Haiui kitu.

Si wewe wa kwanza. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010 kompyuta za watu zilichemka kwenye menyu kwa sababu hiyo hiyo, na Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ikawapa mistari miwili ya kuandika kwenye faili la mipangilio: kikomo cha fremu 60 ndani ya gemu na 30 kwenye menyu.

Weka kikomo kwenye draiva kwa kompyuta nzima, na kama draiva yako ina kikomo cha pili cha gemu iliyoachwa nyuma ya madirisha mengine, kiweke 30 au hata 20. Betri nayo itakushukuru.

Shikamoo. Kuna gemu ninayoipenda imefungwa kwenye fremu 60. Nimepata programu ndogo ya kuvunja kufuli hilo. Nimeiweka, naona 140, lakini vikombe vinaruka mezani nikiingia chumbani na mazungumzo hayaendani na midomo. Nifanye nini? — Mvunja kufuli

Marahaba. Rudisha kufuli.

Sikukejeli. Kuna gemu ambazo fremu ni picha tu, na kuna gemu ambazo fremu ndiyo saa. Watengenezaji waliandika: kila fremu, sogeza kikombe kiasi hiki. Walipima wakiwa na 60, nawe umeleta 140, kwa hiyo kikombe kinasukumwa mara zaidi ya mbili katika sekunde ile ile. Skyrim inajulikana sana kwa vitu vyake kurukaruka ukiipita 60. Need for Speed Rivals ya mwaka 2013 ilifungwa kwenye 30, na walioilazimisha 60 waliona mchezo mzima unakimbia maradufu. Kwenye Dark Souls II silaha zilikuwa zinachakaa haraka mara mbili kwa fremu 60 kuliko 30, mpaka waliporekebisha baadaye.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wenu. Space Invaders, ya mwaka 1978, wale wadudu wanaoshuka wanaongeza kasi kadiri unavyowaua. Haikuanza kama ujanja wa mchezo. Prosesa ilikuwa dhaifu, na wadudu wakipungua ilipata nafuu ya kuchora, ikaenda mbio. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, aliona inapendeza akaiacha hivyo. Kwa hiyo hitilafu yako ina ndugu maarufu, ila vikombe vyako havipendezi.

Cheza kwa 60. Kama monita yako ni ya hezi 120, kila fremu itaonyeshwa mara mbili sawasawa na utaona imetulia.

Mjomba tuamue. Kaka yangu anasema jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya fremu 24, ndiyo maana sinema ni 24. Mimi nasema anadanganya.

Anadanganya, lakini hajui. Kamera ya sinema inaacha ukungu wa mwendo ndani ya kila fremu, na huo ndio unaoziunganisha fremu machoni. Tena sinema unaitazama tu, huiendeshi. Mpe kaka kipanya, mfunge kwenye 24, mwambie apige shabaha. Hutahitaji barua nyingine.

Mjomba, mimi sina FreeSync wala G-Sync. Monita ni ya hezi 120, kompyuta ni ya zamani. Gemu ninayoipenda inanipa kati ya 42 na 55, haitulii kamwe. Nimepunguza vivuli mpaka watu hawana vivuli. Nifunge kwenye 30 nikate tamaa? — Mstahimilivu

Usikate tamaa, una kitu ambacho mwenye monita ya hezi 60 hana. Gawanya 120 kwa 3.

Funga kwenye 40 na uwashe visinki. Kila fremu itaonyeshwa mara tatu kamili, bila ile moja-moja-mbili niliyomwandikia dada wa mbio, na 42 yako ya chini kabisa bado iko juu ya kikomo, kwa hiyo hutatetereka. Namba 40 inaonekana karibu sana na 30, lakini hesabu kwa muda badala ya fremu: 30 ni milisekunde 33.3 kwa kila fremu, 60 ni 16.7, na 40 ni 25. Iko katikati kabisa ya hizo mbili. Mkono utaisikia.

Fungua kihesabio cha RivaTuner, ila usiangalie namba kubwa ya fremu. Weka ule mchoro wa muda wa kila fremu. Ukiona mstari umelala bapa kwenye 25, umefika. Ukiona vilele vinachomoza hapa na pale, shusha kitu kimoja zaidi kwenye mipangilio, nadhani umati wa watu mjini au umbali wa kuonekana kwa vitu, maana prosesa za zamani huchoka hapo kabla ya kadi. Na vivuli warudishie watu wako, angalau vya kiwango cha chini. Kwa 40 utavimudu.